Jiji la Vijana Linavyowaficha Wazee Wake

 

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328, licha ya kwamba Kigamboni na Ubungo zilikuwa zimeshamegwa kutoka humo na kuwa wilaya zinazojitegemea. Ukipita Tandika saa kumi na mbili asubuhi, au ukasimama Mwenge jioni, huhitaji mtaalamu wa takwimu kukuambia hawa ni watu wa rika gani. Ni vijana watupu. Nchi nzima, waliofikisha miaka 60 hawafiki watu 6 katika kila 100.

Kwa hiyo kwenye kikao chochote cha mipango, mzee anaanza akiwa ameshashindwa kura. Chukua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mzee wa kiume mwenye banda lake la kushona viatu pale Yombo hayumo kwenye fungu lolote, labda awe na ulemavu. Sisemi fungu la kijana lipunguzwe. Nasema tu kwamba aliyegawa alipiga hesabu ya vichwa, na vichwa vyenye mvi vilikuwa vichache.

Jioni hii nina neno moja. Uchache wa wazee wa Dar es Salaam umekuwa ukituaminisha kwamba shida zao nazo ni chache, na utafiti unasema sivyo. Ujana wa jiji unawaficha wazee wake. Unawaficha hata kwenye takwimu zenyewe, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, maana ni jambo ambalo ukilielewa mara moja hutasoma tena takwimu za afya kama ulivyokuwa unazisoma.

Tangu 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilikuwa na mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima. Kazi yake ilikuwa ya miguu zaidi kuliko maabara. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, mwaka hadi mwaka, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Ikiwa mtu amefia nyumbani na hakuna daktari aliyemwona, aliyefunzwa kazi hiyo alirudi baada ya msiba kupoa, akakaa na wafiwa na kuuliza taratibu. Marehemu alianza kuumwa lini? Alilalamika kichwa? Mkono gani ulilegea? Mdomo ulikwenda upande? Alikuwa bado anaongea? Majibu hayo yalipelekwa kwa madaktari, wao wakakadiria kilichomuua.

Juu ya msingi huo, kati ya Juni 2003 na Juni 2006, kundi lililoongozwa na daktari Richard Walker, akiwa na wenzake wa hapa kwetu kama Profesa Ferdinand Mugusi wa Muhimbili, likafuatilia ugonjwa mmoja: kiharusi. Walifuatilia maeneo mawili, Hai kule Kilimanjaro, penye watu 159,814, na sehemu ya Dar es Salaam yenye watu 56,517. Kwa miaka mitatu waliandikisha wagonjwa wapya 636. Hai walikuwa 453, Dar 183.

Ukigawa wagonjwa hao kwa idadi ya watu, unapata kwamba Hai kila mwaka watu 94.5 kati ya laki moja walipata kiharusi kwa mara ya kwanza, na Dar 107.9. Mtu wa kawaida akiona hivyo anafunga daftari. Mji na shamba karibu sawasawa, twende kwenye mada nyingine.

Lakini ngoja kwanza. Kiharusi ni ugonjwa unaopenda watu wazima. Hai ni Uchagani, na vijana wa Uchagani tunajua walipo: wako huku Dar, wengine ni wenye maduka unakonunua sabuni. Waliobaki kule na migomba ni wazee, tena wengi. Dar ni kinyume chake, watu wengi na wazee wachache. Sasa, inawezekanaje sehemu yenye wazee wachache itoe wagonjwa sawa na sehemu yenye wazee wengi? Watafiti wakafanya kitu ambacho wataalamu wa afya ya jamii hufanya siku zote: walirekebisha hesabu kana kwamba sehemu zote mbili zina mchanganyiko uleule wa watoto, vijana na wazee, wakitumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Hai ikasogea kidogo tu, kutoka 94.5 hadi 108.6. Dar ikaruka hadi 315.9.

Karibu mara tatu. Maana yake, ukimchukua mzee wa Hai na mzee wa Dar wa umri uleule, huyu wa Dar yuko hatarini karibu mara tatu zaidi. Na hatari hiyo yote ilikuwa imefunikwa na wingi wa vijana wasiougua, wanaojaza upande wa chini wa hesabu na kuifanya ionekane nyepesi. Matokeo yalichapishwa 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na kipindi hicho yalikuwa miongoni mwa viwango vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kokote duniani. Sikumbuki kusikia foleni ya magari ikisimama Kilwa Road kwa ajili ya habari hiyo.

Kwa nini Dar? Hapa majibu si mepesi. Presha ya kupanda ungedhani ni ya mjini, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha Ilala na kijiji cha Shari kule Kilimanjaro, ulikuta karibu watu wazima 30 katika kila 100 wana presha huku na huku. Kilichotisha kwenye utafiti ule ni kingine. Kati ya wenye presha, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika 20 katika 100. Waliokuwa wanatumia dawa ni kama 10. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja. Ni takwimu za siku nyingi, kweli, na tangu hapo mashine za kupimia zimeingia mpaka kwenye maduka ya dawa ya mitaani. Ila watu waliopimwa wakati ule wakiwa na miaka 40 ndio wazee wetu wa leo. Presha waliyoishi nayo miaka yote hiyo bila kuijua haikuwa imelala.

Kuna utafiti mwingine mdogo, naupenda kwa sababu waliwafuata watu wenyewe. Walichukua watu wa Morogoro vijijini waliokuwa wanahamia Dar, wakawapima kabla ya kuhama, kisha wakawapima tena wakiwa mjini. Baada ya mwaka mmoja tu walikuwa wameongeza zaidi ya kilo 2, na mwendo wa miguu na kazi za jembe zilikuwa zimepungua. Kijana anaongeza kilo 2, anapongezwa: umenawiri, mji umekupokea! Hesabu yake inakuja kulipwa akiwa na miaka 65.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walitoa matokeo ya mazungumzo na wagonjwa wa kiharusi, jamaa zao na waganga, huku Dar na kule Hai. Ungetegemea watu wa jiji ndio waseme presha na mafuta ya kula, na watu wa kijijini ndio waseme mashetani. Ikawa kinyume. Hai walizungumzia presha, mawazo, chakula cha mafuta, na hospitali ndiko walikokimbilia. Dar wengi walisema ni mashetani au mkono wa mtu, na mguu wa kwanza ulikwenda kwa mganga.

Rahisi kucheka. Mimi sicheki. Presha haiumi. Mtu ameamka mzima, ameswali, amekunywa chai, na saa nne mkono umekufa, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ana ugonjwa. Kwa familia ambayo haikuwa na taarifa hata moja ya kuwatayarisha, jambo lililomwangukia baba yao asubuhi moja lina sura ya kutumwa. Tatizo limeanza miaka 20 nyuma, siku ambayo hakuna aliyemfunga mkanda wa kupimia presha mkononi.

Tuingie ndani ya nyumba, maana takwimu huishia mlangoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, akina Brigit Obrist na Peter van Eeuwijk, wamekaa miaka na wazee wa pwani yetu, Dar es Salaam na Rufiji, wakiangalia uzee unavyoishwa nyumbani badala ya kuupima hospitalini. Van Eeuwijk aliandika jambo ambalo kila mtu wa uswahilini analijua na hakuna mpango wa serikali uliolishika: mzee anatunzwa na mzee mwenzake. Tunaambiana siku zote kwamba mila zetu ni watoto kuwatunza wazazi. Uliza saa tano asubuhi watoto wako wapi. Mmoja yuko Kariakoo, mmoja yuko Mwanza, binti yuko kwa mumewe Kibaha. Aliyebaki na babu aliyepooza ni bibi wa miaka 68 ambaye naye anaumwa magoti, au dada yake mjane aliyehamia hapo kutoka Rufiji.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya kawaida kule Keko au Mtoni, au Tandale upande wa Kinondoni. Korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani kuna jiko, bomba kama lipo, na choo. Choo cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji, maji yamemwagika. Kwa mtu wa miaka 30 hicho ni choo. Kwa mwenye magoti mabovu au upande mmoja wa mwili usiosikia, ni kazi ya watu wawili. Kuna familia zimekata kiti cha plastiki katikati, wakakiweka juu ya shimo, na mambo yakaenda. Ufundi huo hakuna aliyeufundishwa zahanati. Nyumba nyingine, mzee ameacha kula usiku ili asiamshe mtu saa nane. Akikonda, tunasema uzee.

Lakini nyumba hiyohiyo ndiyo pensheni yake. Wengi wa wazee hawa hawakuajiriwa na mtu. Walikuwa wavuvi, mafundi, mama lishe, wachuuzi. Mfuko wa hifadhi ya jamii hauwajui. Kilichopo ni vyumba vitatu vya kupangisha. Kodi ndiyo unga, ndiyo dawa ya presha, ndiyo daftari la mjukuu. Na mpangaji, msikilizaji, ni zaidi ya kodi. Ni yeye anayemchotea maji baba mwenye nyumba, ni yeye anayetoka usiku kutafuta bajaji hali ikibadilika. Sijaona dodoso lenye kisanduku cha mpangaji. Watafiti wanauliza mke, mume, mtoto, ndugu, mfanyakazi wa nyumbani.

Linganisha na mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake akajenga Bunju au Chamazi. Nyumba nzuri, geti, choo cha kukaa ndani chumbani. Ukimpima kwa orodha ya vitu, huyu ndiye mwenye maisha bora ya uzeeni. Ila jirani wa karibu yuko nyuma ya ukuta, watoto wanakuja Jumapili moja moja, na mkewe akifariki anabaki na mlinzi na televisheni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za Bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande. Walitolewa kwenye maji, na hilo lilikuwa la lazima. Lakini kwa mzee, kuhama kilomita 30 maana yake ni kuacha watu waliokuwa wanamsikia akikohoa.

Wanawake niwaseme kwa kifupi, ingawa ni mada ya jioni nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Ifakara waliwahoji maelfu ya watu wa miaka 50 na zaidi, na wanawake walieleza afya mbaya kuliko wanaume. Nairobi, mitaa ya Korogocho na Viwandani, ilikuwa hivyohivyo. Wanawake wanaishi miaka mingi zaidi na kuumwa miaka mingi zaidi, na bado ndio wanaowageuza wagonjwa kitandani.

Sera tunayo. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa 2003, na kwa mujibu wake mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bila malipo. Ukienda hospitali za rufaa za mkoa utaona dirisha la wazee na bango la kutaka wapishwe kwanza. Hayo ni maendeleo, nayakubali. Lakini kila anayemsindikiza mzee anajua safari inavyokwisha: ameonwa na daktari bure, ameandikiwa dawa bure, na dirishani anaambiwa hii hatuna, kanunue nje. Dawa ya presha ni ya maisha. Akinunua ya wiki mbili akakosa ya wiki ya tatu, tumerudi kwenye ile namba, isiyofika hata mmoja katika mia.

Zanzibar walichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani au mkulima wa mwani, anapata pensheni jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna kitu kama hicho kwa wazee wote. Anayesema fedha ndogo haifanyi kitu aende Nshamba, Muleba, ambako shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa bibi wanaolea wajukuu yatima kiasi kidogo kila mwezi tangu 2003. Tathmini yake ya 2008 ilibeba kabisa jina la vitu walivyonunua: chumvi, sabuni, viatu vya shule. Bibi waliopewa walikuwa na nafuu ya mwili na ya moyo kuliko majirani wasiopewa.

Nimalizie na utafiti wenyewe, kwa sababu naona unaongezeka, na ni vizuri. Ukonga na Gongo la Mboto zilianza kufuatiliwa na watafiti wa Muhimbili na Harvard mwaka 2011. Siku moja wewe pia utagongewa hodi. Kijana mwenye kishikwambi ataingia, atasema shikamoo, ataitikiwa marahaba, kisha atauliza: katika siku 30 zilizopita afya yako imekuwaje? Na mzee, kama alivyolelewa, atajibu hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kijana atabonyeza nzuri.

Mzee hakudanganya. Amejibu salamu. Mtu mzima hawezi kumwambia kijana wa rika la mjukuu wake, mbele ya mkwe na wapangaji wawili waliosimama koridoni, kwamba siku hizi mkojo unamtangulia. Aliyefikisha miaka 60 wakati wa sensa ile alizaliwa 1962, Uhuru ukiwa umeshapatikana. Ni kizazi kilichokuja Dar kikiwa kijana, kikajenga Mbagala na Mwananyamala kwa mikono yake, na hakijazoea kulalamika. Dereva wa bodaboda aliyehesabiwa mwaka huo akiwa na miaka 30 atafika 60 mwaka 2052, na hao ni wengi mno kufichwa na mtu.

Ningekuwa na ruhusa ya kuongeza swali moja kwenye dodoso, ningeuliza: usiku ukitaka kwenda uani, nani anakushika mkono? Swali hilo halihitaji mashine. Linahitaji karani wa makamo, asiye na haraka ya kufikisha idadi ya kaya za siku, atakayekubali chai na kungoja mpaka mkwe atoke kwenda sokoni.